Mlima Una Wenyewe

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa duniani leo imo moja ambayo wazee wetu wasingesadiki kwamba ina mnunuzi, nayo ni uchovu. Mkazi wa mji mkubwa wa Ulaya, Marekani au Asia ya Mashariki hulipa fedha nyingi ili asafiri mpaka kisiwa cha nchi za joto, apenye msitu wa mvua, anyonywe damu na ruba, apande mlima usiku wa manane akimulikiwa na taa iliyofungwa kwenye paji la uso, alitazame jua likichomoza chini ya miguu yake, kisha ateremke magoti yakimtetemeka na kuwaambia jamaa zake kwamba amepumzika. Hatumcheki. Kila watu wana namna yao ya kupumzika, na mwenye kukaa mwaka mzima mbele ya meza ana haki ya kuitamani milima. Lakini biashara hii ina mawakala, vitabu vya picha, ratiba na bei. Na ndani ya vitabu hivyo vya picha yumo mtu mmoja ambaye huonekana mgongo tu. Huyo ni mwongoza njia.

Makala haya yanamtetea mtu huyo. Yanadai kwamba mwongoza njia si gharama iliyochomekwa katika bei ya safari, wala si mtumishi aliyekodiwa pamoja na fimbo na koti la mvua. Yeye ni mwenyeji, na ujuzi wake ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma, tenzi na uchongaji. Na yanadai zaidi ya hayo: kwamba taifa linalomlazimisha mgeni kumchukua mwongozaji, kisha likamwacha mwongozaji huyo bila jina, bila sauti na bila fungu la haki, limelinda mlango wa nyumba na kuwasahau wenye nyumba.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kwa hiyo tutaanza kwa kuutazama mlima wa wengine, ambako macho yetu hayana upendeleo, ndipo turudi kuutazama wa kwetu. Mlima wenyewe ni Kinabalu, ulioko Sabah, jimbo la Malaysia lililo kaskazini mwa kisiwa cha Borneo. Kisiwa hicho ni cha tatu kwa ukubwa duniani, na nchi tatu zinakigawana: Malaysia, Indonesia na Brunei. Kilele cha Kinabalu kina urefu wa mita 4,095. Hifadhi inayouzunguka ilianzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Sabah kuingia katika Malaysia. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 754, na mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wataalamu wanakadiria kwamba aina 5,000 hadi 6,000 za mimea huota humo, kuanzia miti mirefu ya msitu wa bondeni mpaka vichaka vilivyodumaa kandokando ya mwamba mtupu wa kileleni.

Safari ya mlima huo kwa kawaida ni ya siku mbili. Mgeni huanza kutembea kwenye lango la Timpohon, karibu mita 1,866 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza hupanda ndani ya msitu wenye ukungu na kuwevu kwenye matawi, mpaka afike Panalaban, mahali penye nyumba za kulala wageni, kiasi cha mita 3,270. Hapo hula mapema na kulala kidogo. Yapata saa nane za usiku huamshwa, akapanda mwamba kwa kushika kamba, ili alfajiri imkute kileleni. Mchana wake huwa amekwisha kuteremka mpaka chini. Idadi ya wapandaji kwa siku imewekewa kikomo, na hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kibali wala bila mwongozaji aliyesajiliwa. Mwongozaji huyo kwa lugha ya Kimalay huitwa malim gunung. Wengi wa waongozaji na wapagazi wa Kinabalu ni Wadusun, wenyeji wa vijiji vilivyo ubavuni mwa mlima, kama Kiau na Bundu Tuhan.

Sasa tuwaulize hao Wadusun mlima ni nini. Kwao Kinabalu ni Aki Nabalu, makazi ya roho za wafu. Wengine huuita Gayo Ngaran, yaani Jina Kubwa, kwa kuwa jina lenyewe halikutajwa ovyo. Zamani hakuna aliyepanda bila tambiko. Sadaka iliyokumbukwa kuliko zote ni ya kuku saba weupe na mayai saba, iliyotolewa ili roho ziwapokee wanaopita na zisiwadhuru. Na hilo jina la Panalaban, ambapo leo mtalii hula chakula chake cha jioni na kulalamika kwamba maji ya kuoga ni baridi, linatokana na maneno yenye maana ya mahali pa kutolea sadaka. Sisi Waswahili tunao usemi kwamba mgeni ni kuku mweupe, kwa maana kwamba huonekana upesi kati ya wengine. Wadusun hawakuuhitaji usemi wetu. Wao waliwapeleka kuku weupe wenyewe mlimani, ili mgeni atambulike kwa waliotangulia na aombewe njia. Kwa maneno mengine, walipiga hodi.

Hodi ndiyo kiini cha jambo hili. Katika pwani yetu na bara yetu, mtu haingii nyumba ya mwenziwe kwa sababu tu mlango uko wazi. Husimama, akaita, akangoja karibu. Asipoitikiwa baada ya kuita mara tatu, hurudi. Nyumba isiyopigiwa hodi si nyumba, ni gofu. Mwongoza njia wa mlima ndiye anayepiga hodi kwa niaba ya mgeni, na ndiye anayeitikia karibu kwa niaba ya wenyeji. Kazi hizo mbili haziwezi kufanywa na ramani, wala na kibao kilichopigiliwa misumari njiani.

Lakini tazameni jinsi historia ilivyoandikwa. Mwaka 1851 Hugh Low, mtumishi wa serikali ya Uingereza katika kisiwa cha Labuan, alipanda Kinabalu akiongozwa na watu wa Kiau. Miongoni mwao alikuwamo Lemaing, ambaye jina lake limesalia katika maandishi ya wakati huo. Low alifika kwenye uwanda wa juu, akavitazama vilele, akaona kile kirefu kuliko vyote hakipandiki ila na viumbe wenye mabawa, akarudi. Mwaka 1858 alipanda tena mara mbili pamoja na Spenser St. John, balozi mdogo wa Uingereza huko Brunei. Kilele chenyewe kilifikiwa na Mwingereza mwingine, John Whitehead, mwaka 1888. Basi leo kilele hicho kinaitwaje? Kinaitwa kwa jina la Low, mtu ambaye hakukifikia. Bonde la kutisha lililo upande wa pili wa mlima nalo linaitwa kwa jina la Low. Lemaing aliyemwonyesha njia hana hata jiwe.

Mimea nayo haikunusurika. Mmoja wa ile mimea ya Kinabalu yenye vikombe vya kunasia wadudu hubeba jina la Low katika elimu ya mimea. Mwingine, mkubwa kuliko yote ya jamii hiyo, ulipewa mwaka 1859 jina la Rajah, kwa heshima ya James Brooke, Mwingereza aliyejifanyia ufalme huko Sarawak. Lile ua kubwa lisilo na shina wala majani, linaloota katika misitu ya chini ya mlima na kuchanua kwa siku chache tu, linaitwa Rafflesia, kwa jina la Stamford Raffles, mtawala wa kikoloni. Mtu aliyeyajua maua hayo tangu utoto wake, akajua huota wapi na hufa lini, aliitwa na wageni hao mpagazi.

Mtoto wa Kidusun anayesoma leo shuleni, akitaka kukitaja kilele cha mlima wa babu zake, hana budi kumtaja Mwingereza. Mtu akimiliki jina la kitu, humiliki pia hadithi yake. Na akimiliki hadithi yake, huamua nani ni shujaa na nani ni mbeba mizigo. Watu wa Sabah walilitambua jambo hilo walipofika kwenye mji wao mkuu. Mji huo uliitwa Jesselton, kwa jina la mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala nchi hiyo kabla haijawa koloni. Mwaka 1967 jina hilo liliondolewa, mji ukaitwa Kota Kinabalu. Mji umechukua jina la mlima, lakini kilele cha mlima bado kina jina la mgeni.

Wapo wanaopinga hoja yetu, nao si wachache. Yafaa tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza ni msafiri mwenye kuhesabu fedha. Yeye husema hivi: njia ya Kinabalu ni moja, imechongwa ngazi na kufungwa kamba, kipofu hawezi kuipotea, kwa nini basi nilazimishwe kumlipa mtu anionyeshe kitu ninachokiona? Hoja hii husikika kila mahali penye mlima unaolipiwa, na ina sura ya busara. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi ya mwongozaji ni kuonyesha mahali pa kukanyaga. Mlima wa kisiwa cha nchi za joto hubadilika ndani ya nusu saa: jua huzimika, ukungu hushuka, mvua huugeuza mwamba kuwa kama sabuni. Mtu aliyetoka pwani jana, na leo yuko mita 3,000, hajui kama kuumwa kwake kichwa ni uchovu au ni mwanzo wa ugonjwa wa mahali pa juu. Mwongozaji hujua kwa kumtazama anavyopumua na anavyoweka mguu.

Na asiyeamini na akumbuke tarehe 5 Juni 2015. Saa moja na robo asubuhi tetemeko la ardhi lenye nguvu ya kipimo cha 6.0 liliupiga mlima, wakati wapandaji wengi walikuwa juu ya mwamba. Mawe yaliporomoka, na moja ya nguzo mbili za kilele maarufu kama Masikio ya Punda ikavunjika. Watu 18 walifariki. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Singapore, na waongozaji waliokuwa kazini. Zaidi ya watu 130 walikwama juu. Hali ya hewa ilizuia helikopta kuwachukua, na njia iliyochongwa ngazi, ile ambayo kipofu hawezi kuipotea, ilikuwa imezibwa na mawe. Waliowateremsha watu wale kwa miguu, wengine wakiwa wamejeruhiwa, ni waongozaji. Waliijua miamba bila ngazi zake. Njia ya kilele haikufunguliwa tena mpaka Desemba mwaka ule, na kwa miezi hiyo yote aliyezoea kula kwa mlima alikosa posho yake. Yule msafiri mwenye kuhesabu fedha na aziweke hesabu hizo pia katika daftari lake.

Wa pili ni mtu wa maneno makubwa. Husema kwamba mahali kama Kinabalu ni urithi wa dunia nzima, kwa hiyo hakuna kijiji wala kabila linaloweza kusema pana wenyewe. Tunamjibu kwamba urithi wa dunia ni wajibu wa dunia. Si hati ya kumiliki. Penye raha dunia huwa moja, lakini penye hasara huwa na mipaka. Kati ya mwaka 1975 na 1999 shaba ilichimbwa Mamut, ubavuni mwa Kinabalu, katika ardhi iliyomegwa kutoka kwenye hifadhi. Na mwaka 1984 sehemu nyingine ya uwanda wa Pinosuk iliondolewa katika hifadhi, pakapatikana malisho ya ng'ombe na uwanja wa gofu. Shimo la shaba limebaki na maji yenye sumu. Maji hayo hayakuteremka London wala Tokyo. Yaliteremka kwenye mito ya watu wa Ranau. Kama sumu ina wenyewe, basi na mlima una wenyewe.

Mtu huyohuyo wa maneno makubwa ndiye huandika katika matangazo kwamba msitu wa Borneo haujaguswa. Hapana msitu usioguswa. Upo msitu ulioguswa na watu waliojua namna ya kuugusa. Wadusun waliwinda humo, wakachuma dawa, wakakata henzirani, wakazika wafu wao, na msitu ukabaki. Walioshindwa kuugusa msitu bila kuua ni wenye misumeno ya injini na wenye mashamba makubwa ya michikichi. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 1973 karibu robo tatu ya kisiwa cha Borneo ilikuwa msitu, na kufikia mwaka 2010 umebaki kidogo zaidi ya nusu. Kusema kwamba kilichobaki hakijaguswa ni kuwafuta watu katika nchi yao wenyewe kwa mara ya pili: kwanza waliporwa majina ya maua, sasa wanaporwa hata kuwapo kwao. Waangalieni badala yake wanavijiji wa Poring na Ranau. Ua la Rafflesia linapochipua katika shamba la mmoja wao, hulizungushia uzio, akaweka kibao barabarani, akawatoza wageni ada ya kulitazama. Ua lililokuwa likichumwa au kukanyagwa sasa lina mlinzi. Hapo mwenyeji ametambuliwa, na kitu kikapona.

Wa tatu ni msomi wetu wa kisasa. Yeye hukunja uso asikiapo habari za roho na kuku weupe, akasema kwamba hizo ni imani za ujinga. Naye hutoa ushahidi wa mwaka uleule wa 2015. Siku chache kabla ya tetemeko, tarehe 30 Mei, kundi la wageni wapatao kumi walivua nguo kileleni na kujipiga picha. Iliripotiwa kwamba mwongozaji aliwakataza, nao wakamjibu kwa matusi. Tetemeko lilipokuja, wapo wenyeji, na hata viongozi wakubwa wa jimbo, waliosema kwamba mlima umekasirika. Magazeti ya Ulaya yakacheka sana. Baadaye wanne miongoni mwa wageni hao walikiri kosa mahakamani, wakahukumiwa kifungo cha siku tatu na faini ya ringiti 5,000 kila mmoja. Na wazee walitaka pia ilipwe sogit, fidia ya kimila inayotolewa kupoza palipochafuliwa.

Tuseme wazi, ili msomi wetu asipate mahali pa kujificha. Tetemeko la ardhi huletwa na miamba iliyo chini ya ardhi inapoteleza katika nyufa zake. Halikuletwa na uchi wa mtu yeyote, na wale watoto wa Singapore hawakulipia kosa la mtu mwingine. Lakini je, kosa la wale wageni lilitegemea tetemeko? Hapa kwetu mtu hacheki wala hapigi mluzi makaburini. Tunamkataza si kwa kuogopa kwamba wafu watainuka, bali kwa sababu walio hai wana wafu wao pale. Aliyevua nguo juu ya Aki Nabalu alivua nguo juu ya makaburi ya watu. Wangefanya hivyo katika makaburi ya askari wa nchi zao, magazeti yaleyale yasingecheka. Sayansi inatufundisha kwa nini ardhi hutikisika. Haikutufundisha kamwe kwamba heshima ni ujinga. Na jambo linalopaswa kutuuma katika kisa hiki ni lile tusi, kwa kuwa mwenye nyumba alisema hapana ndani ya nyumba yake, na mgeni akaona kwamba amelipa vya kutosha kutomsikia.

Wa nne hutoka upande wetu, na kwa hiyo ndiye mgumu kuliko wote kumjibu. Husema: kama wageni ni hivyo, mlima ufungwe. Tunaielewa hasira yake, lakini hatukubaliani naye. Watu wa Kiau waliwapokea wageni kabla ya kuwapo hifadhi na kabla ya kuwapo mawakala. Ukarimu wao ni sehemu ya utamaduni wao kama lilivyo tambiko. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo una masharti yake, kwa maana hausemi mwenyeji afe, wala mwenyeji ajifiche. Kinachotakiwa ni mlima wenye mwenyeji. Mwaka 2010 ilianzishwa huko siku ya watu wa Bundu Tuhan na Kiau kupanda mlima wao kama hija, na siku hiyo si ya watalii. Wazee na vijana hupanda kwenda kwa Jina Kubwa lao. Jambo hilo ni jema, nasi tunalisifu. Lakini limefichua aibu iliyokuwapo, kwamba kwa miaka mingi kabla yake mtu angeweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa akiutazama mlima wa babu zake mlangoni pake, asiwe na siku moja ya kuupanda isipokuwa amebeba mzigo wa mwingine.

Hapa ndipo turudi nyumbani, maana makala haya yamo katika kitabu cha utamaduni wetu, si wa Wadusun. Kilimanjaro nao una wenyewe. Una kilele cha mita 5,895, hifadhi iliyoundwa mwaka 1973, na nafasi katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1987. Nao pia haupandwi bila mwongozaji. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia kilele chake, wakakipa jina la mfalme wa Ujerumani, na Meyer akaondoka na jiwe la huko juu na kumpelekea mfalme huyo. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera yetu na mwenge vilipandishwa pale na Alexander Nyirenda, na kilele kikaitwa Uhuru. Kwa tendo hilo tuliwatangulia wenzetu wa Sabah, na tuna haki ya kujivuna.

Lakini tusijivune kupita kiasi. Kilele kirefu kuliko vyote vya Mawenzi bado kinaitwa Hans Meyer. Mtalii anayepanda Kibo bado hupita pango la Hans Meyer, akafika kituo cha Gillman, au akapitia cha Stella, kabla hajaufikia Uhuru. Ni kana kwamba uhuru wetu uko mwishoni mwa njia ndefu ya majina ya wengine. Ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, ambalo leo huuzwa katika vyungu madirishani mwa Ulaya nzima, hujulikana kwa jina la Saint Paul, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Na wale vijana wanaopanda Kilimanjaro na hema, majiko na viti vya wageni vichwani, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, wamewekewa kanuni kwamba mzigo usizidi kilo 20. Kanuni hiyo ni njema inapofuatwa. Lakini kanuni inayopima uzito wa mzigo tu, isipime thamani ya aliyeubeba, ni kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya punda.

Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa aliwaongoza wageni wa mwanzo mlimani. Watoto wangapi wa shule zetu wanaweza kulitaja jina lake pasipo kulazimika kwanza kulitaja la Meyer? Na ni mwongozaji gani wa leo ambaye tumemkalisha chini, tukamwuliza majina ya Kichaga ya mabonde, mito, miti na pepo za mlima, tukayaandika kabla hajayazika pamoja naye? Tumeunda vyuo vya kumfundisha mwongozaji lugha ya mgeni. Bado hatujaunda mahali ambapo mwongozaji atatufundisha sisi lugha ya mlima.

Basi haya ndiyo tunayodai, na hayamzidi nguvu mtu yeyote. Kwanza, majina ya wenyeji ya vilele, mapango na vituo yakusanywe kutoka kwa wazee na waongozaji, yawekwe katika ramani zetu, na yasomeshwe shuleni. Pili, mgeni, kabla ya kukanyaga hatua ya kwanza, aambiwe na mwenyeji, kwa sauti ya mtu na si kwa karatasi, mlima huu ni wa nani na kitu gani hakifanywi juu yake. Na neno la mwongozaji akisema hapana liwe na nguvu ya sheria, ili asiyelisikia ateremshwe hata kama amelipa mara kumi. Tatu, malipo ya mwongozaji na mpagazi yawe fungu linalojulikana na kutajwa katika bei ya safari, yasiachwe yategemee huruma ya mgeni anayefungua pochi yake langoni siku ya kuagana. Bakshishi ni hisani. Ujira ni haki, na mtu mzima hawezi kusomesha watoto kwa hisani. Nne, wenye mlima wawe na siku yao ya kuupanda, kama walivyoipata watu wa Kiau na Bundu Tuhan, bila mzigo wa mtu mgongoni.

Mtalii wa Kinabalu anapoteremka hupewa cheti chenye jina lake, kinachoshuhudia kwamba alifika kileleni. Ni kitu kizuri, na akitundike ukutani. Lakini aliyemfikisha pale amefika mara mamia, na hana cheti. Wala hakihitaji, kama sisi wenyewe tutalijua jina lake. Vitabu vya picha vimetuonyesha mgongo wake kwa muda mrefu. Ni wajibu wa utamaduni wetu kumgeuza, ili watoto wetu wamwone uso, wamwamkie, na wamwulize njia.